Arusi Iliyosubiri Kura

Kule Amerika ya Kusini, mahali ambapo milima imepanda juu mpaka mawingu yanapita chini ya miguu ya kondoo, ipo nchi moja inayopenda sana demokrasia. Jina lake nisingeona taabu kulitaja, ila jina lenyewe lilipigiwa kura ya maoni mwaka juzi na matokeo bado yanahesabiwa. Kwa sasa wenyeji wanaiita Jamhuri tu, na barua zinafika.

Rais wa Jamhuri, Mheshimiwa Daktari Jenerali Baldomero Ansures, alikuwa ametawala vipindi sita kwa unyenyekevu mkubwa. Katiba ilisema viwili. Vile vinne vya ziada vilitokea kwa bahati mbaya, maana kila alipotaka kuondoka alikuta mlango wa Ikulu unapakwa rangi, na rangi ya mlango ule huchukua miaka mitano kukauka. Safari hii, kwa kuwa ni mtu wa kufuata sheria, alikata shauri kuwauliza wananchi wenyewe kama anaweza kugombea mara ya saba. Wananchi wakasema hapana. Rais akawashukuru kwa kujitokeza kwa wingi, akasema ni wazi hawakulielewa swali, na kura ingerudiwa Jumapili inayofuata.

Hapo ndipo arusi ya Nicanor Huallpa ilipoanza kuingia matatani.

Nicanor alikuwa fundi kofia katika mji wa Wayrapata, huko juu kabisa kwenye baridi. Alikuwa na miaka hamsini na minane na hajawahi kuoa, wala si kwa ubaya wa sura, bali kwa haya. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la mikate la mjane mmoja, Doña Casilda Yupari, mwanamke mwenye mikono yenye nguvu na ulimi wa kutosha. Kwa miaka kumi na moja Nicanor alivuka barabara kila asubuhi, akanunua mikate miwili, akarudi kwake bila kusema alichokusudia kusema. Aliishi peke yake, na mkate wenyewe haupendi. Siku alipopiga moyo konde na kumposa, Doña Casilda aliendelea kukanda unga wake kwa muda, kisha akamjibu, "Nilidhani unangoja unga uishe duniani. Sawa. Iwe Jumapili."

Ilibidi iwe Jumapili kwa sababu Padre Ezequiel ana vijiji tisa vya kuhudumia, na zamu ya Wayrapata ni hiyo. Huja Jumamosi juu ya nyumbu, huondoka Jumatatu asubuhi. Bahati mbaya, Jamhuri ina Sheria ya Utulivu wa Kura. Kuanzia Ijumaa saa sita mchana hadi Jumatatu saa sita mchana, mwananchi haruhusiwi kulewa, kupiga muziki, kucheza ngoma, kuendesha gari, kufunga ndoa, wala kukusanyika na wenzake zaidi ya watatu, ili apige kura akiwa na akili timamu na huzuni ya kiasi.

Mtu atasema, bibi arusi, bwana arusi na padre ni watu watatu, basi si wafunge ndoa yao kimyakimya? Mtu huyo si wa Wayrapata. Huko Wayrapata hamjaoana mpaka kila mtu mzima wa mji amepita mbele yenu na kuwapaka kidogo unga mweupe kichwani kwa mkono wake mwenyewe. Akikosekana mmoja, ndoa ina ufa. Watu wazima wa Wayrapata walikuwa mia mbili na kumi na wawili, na wote walikuwa na kumbukumbu nzuri.

Kana kwamba hayo hayatoshi, Nicanor mwenyewe aliteuliwa kwa bahati nasibu kuwa mwenyekiti wa meza ya kupigia kura. Jina lake lilitolewa kwenye kofia Jumapili ya kwanza. Jumapili zilizofuata Tume ya Uchaguzi haikuona sababu ya kuharibu karatasi nyingine.

*

Jumapili ya pili Wayrapata ilipiga kura mia mbili na kumi na moja za Hapana, na moja ya Ndiyo. Ile ya Ndiyo ilikuwa ya meya, ambaye hulipwa mshahara kwa kazi hiyo. Jumapili ya tatu ikawa vilevile. Si kwamba watu wa Wayrapata walimchukia Rais. Hawajawahi hata kumwona. Ila wana tabia yao moja. Ukiwauliza jambo, wakakujibu, kisha ukawauliza tena lilelile, wanaona umewaita waongo.

Tume nayo ilifanya kila juhudi kulirahisisha swali. Kwanza lilikuwa na mstari mmoja. Kufikia Jumapili ya nane lilikuwa na ukurasa mmoja na nusu, likianza na maneno, "Je, wewe kama mzalendo unayempenda mama yako." Jumapili ya kumi na moja lilikuja na picha ya mtoto anayelia. Watu wa Wayrapata walipanga foleni, wakalisoma lote kwa heshima, wakasema Hapana, wakarudi nyumbani.

Huku nyuma maandalizi ya arusi yalikuwa yanajiendea yenyewe. Doña Casilda alikuwa ametenga simbilisi ishirini, vile vinyama vidogo vya nyumbani ambavyo huko milimani ndivyo kitoweo cha sherehe. Kufikia Jumapili ya tano walikuwa hamsini. Kufikia Jumapili ya kumi na mbili walikuwa na wajukuu, wakawa wanalala mpaka chini ya kitanda cha Nicanor, ambaye alikuwa ameanza kuwaita kwa majina, jambo baya kwa kitoweo. Chicha, ile pombe ya mahindi, ilipikwa kila wiki kwa matumaini na kumwagwa kila wiki kwa masikitiko. Kuku wa nyuma ya duka la mikate walikuwa wakitembea upandeupande tangu mwezi wa pili.

Kila Jumamosi aliwasili Mheshimiwa Mwanasheria Teodulfo Carpio, Mjumbe wa Tume, akiwa amevaa suti nyembamba ya mji mkuu na amejifunga blanketi la kuazima juu yake. Alikuwa akisimama kwenye ngazi ya shule na kuhutubia watu watatu watatu, kama sheria inavyotaka, kwa hiyo hotuba moja ilimchukua siku nzima.

"Ndugu wananchi," alisema mara sabini na moja kwa siku, "serikali yenu inawasikiliza. Itaendelea kuwasikiliza mpaka mseme linalosikika."

*

Sehemu nyingine za nchi zilichoka. Mabondeni watu hawawezi kukaa wiki nyingi bila muziki. Hata ng'ombe wao hawatoi maziwa. Wilaya moja ikasema Ndiyo ili ipate kufanya tamasha lake la ngoma. Ya pili ikasema Ndiyo kwa sababu ya mpira. Kufikia Jumapili ya kumi na nane wilaya zote zilikuwa zimesema Ndiyo isipokuwa Wayrapata, mji unaohesabiwa kama wilaya nzima, na Rais, ambaye hapendi malalamiko, alikuwa ametangaza kwamba hatagombea mpaka kila wilaya ikubali.

Wiki hiyohiyo ndipo ilipofika barua ya Wilfredo.

Wilfredo ni mtoto wa pekee wa Doña Casilda, dereva wa lori huko kwenye migodi ya kusini, umbali wa siku mbili. Ana watoto watano na mke mgonjwa. Aliandika kwamba mvua zinakaribia na barabara itafungwa miezi minne, basi angekuja kumchukua mama yake kabla ya mwisho wa mwezi, akakae nao huko moja kwa moja. "Kama ungekuwa na mume, Mama, nisingekuomba," aliandika. "Lakini umeniambia mara kumi na nane kwamba unaolewa, na mimi naona ni maneno ya kunifurahisha tu."

Doña Casilda alimsomea Nicanor barua hiyo dukani. Kisha akaikunja.

"Nikiwa mke wa mtu nitabaki," alisema. "Nikiwa si mke wa mtu, sina neno la kumjibu mwanangu. Ana haki."

Nicanor alinunua mikate miwili akavuka barabara. Siku hiyo hakushona kofia hata moja. Alikaa ameshika tama katikati ya simbilisi wake, akaona jinsi miaka mingine iliyobaki itakavyokuwa: asubuhi atavuka barabara, na ng'ambo atakuta mlango uliopigiwa misumari. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimchukia Rais Baldomero Ansures, na kwa mara ya kwanza pia akafikiria kumpa alichokitaka.

Habari ya barua ilienea mji mzima kabla ya jioni. Jumapili ya kumi na tisa kila mtu aliyefika mezani kwa Nicanor alimwangalia kwa huruma, akachukua karatasi yake, akakaa nyuma ya pazia muda mrefu kuliko kawaida.

*

Desturi ya huko ni kwamba kura huhesabiwa hadharani. Wapiga kura wanarudi darasani watatu watatu, na wengine wote wanachungulia madirishani, na mwenyekiti anafungua karatasi moja moja, anaiinua juu, anaisoma kwa sauti.

Nicanor alifungua ya kwanza. "Ndiyo," alisoma, na masikio yakamwaka moto, kwa sababu ilikuwa yake. Alikuwa amejiambia kwamba kura moja haitaonekana katikati ya Hapana mia mbili na kumi. Ilikuwa kama kuhema kwa nguvu kanisani, dhambi ndogo ya kuituliza roho.

Ya pili ilikuwa Ndiyo. Hiyo ya meya, alifikiri, akapumua.

Ya tatu Ndiyo. Ya nne Ndiyo. Kufika ya arobaini sauti ilikuwa imemkauka akaomba maji. Nje ya madirisha watu walikuwa wanaangalia viatu vyao, mawingu, mkia wa nyumbu wa padre, popote pasipo na macho ya mwenzao. Padre Ezequiel mwenyewe alikuwa amejifunika uso kwa kitabu cha sala.

"Mimi nilidhani ninyi wengine mko imara," alisema Doña Eufrasia, bibi wa miaka tisini ambaye aliwahi kumkatalia daktari asimtoe jino bovu, na mpaka leo analo.

"Nami nilikutegemea wewe," alisema muuza viazi.

Ikajulikana basi. Kila mmoja wao alikuwa amemwonea huruma fundi kofia, na kila mmoja alikuwa ameona kwamba ukaidi wa jirani zake unatosha kwa mji mzima. Nicanor aliendelea kusoma. Alikuwa na aibu mpaka miguuni, na papo hapo alikuwa na furaha isiyo na adabu, kwa sababu hakuwahi kujua kwamba watu wale wote wanampenda. Karatasi ya mia na themanini aliisoma mara mbili kimoyomoyo kabla ya kuitoa mdomoni.

"Hapana."

"Hiyo ni yangu," alisema Doña Casilda kutoka mlangoni.

Alikuwa amekunja mikono. Mji mzima ukajua umefanya kosa kubwa.

"Doña Casilda," alisema Nicanor, "lile lori."

"Lori lina magurudumu, Nicanor. Litakalonipeleka ndilo hilohilo linaloweza kunirudisha. Miaka kumi na moja nimekuuzia mikate unayowapa njiwa, nilikuwa nakuona dirishani. Nani alikwambia sijui kungoja?" Akawageukia wengine. "Na ninyi mmeniposea kwa Rais bila kuniuliza. Hata yeye huuliza."

Akaondoka. Nicanor akamaliza kusoma zilizobaki. Ndiyo mia mbili na kumi na moja, Hapana moja.

*

Ungetegemea mji mkuu upige mizinga. Kweli Rais alilia machozi ya furaha kwa robo saa. Kisha akaingiwa na wasiwasi.

Mheshimiwa Carpio alieleza Tume kwamba kwa wiki kumi na nane Wayrapata imetoa mia mbili na kumi na moja kwa moja, na sasa imetoa mia mbili na kumi na moja kwa moja kinyumenyume. Ni dhahiri mwenyekiti wa meza, mtu mzee mwenye msongo wa arusi, aliandika hesabu kwenye safu zisizo zake. Ikulu nayo iliona kwamba Ndiyo ya Wayrapata ni tamu mno, haifai kusikiwa mara moja tu. Ikatangazwa kura ya kuthibitisha kwa nchi nzima, Jumapili ya ishirini, yenye swali fupi: Je, ulimaanisha ulichosema?

Nicanor alipokea tangazo hilo kama mtu anayepokea godoro kichwani. Wilfredo alikuwa afike Ijumaa hiyo. Alivuka barabara, akasimama mbele ya meza ya mikate, akashindwa hata kutaja idadi.

Doña Casilda alikuwa anasoma. Serikali ilikuwa imeleta magunia mawili ya nakala za Sheria ya Utulivu wa Kura, na kwa wiki nyingi alikuwa akifungia mikate kwa karatasi hizo. Siku hiyo, kwa hasira tu, aliisoma mpaka nyuma.

"Hebu sikiliza," alisema. "Kifungu cha kumi na nne. Foleni ya wapiga kura haitahesabiwa kuwa mkusanyiko hata ikiwa ndefu kiasi gani. Mpiga kura anaruhusiwa kuja na chochote kitakachomsaidia kungoja." Akageuza karatasi. "Na ndoa imekatazwa kanisani, ukumbini na nyumbani. Foleni haikutajwa."

Nicanor aliichukua karatasi akaisoma mwenyewe mara tatu.

"Lakini mimi nitakuwa mezani," alisema. "Siwezi kutoka mezani."

"Basi mimi nitakuja mezani. Si ndiko foleni inakokwenda?"

*

Wilfredo alifika Ijumaa saa tano asubuhi. Saa sita kamili polisi wa mji, mmoja, aliliandikia lori lake notisi ya kutotembea mpaka Jumatatu mchana. Akaanza kugomba, mama yake akamkabidhi simbilisi sita wa kuchuna.

Jumapili ya ishirini foleni ilianza kanisani, ikazunguka soko, ikaingia shuleni. Hapakuwa na mkusanyiko wowote. Walikuwepo watu mia mbili na kumi na wawili waliovaa nguo zao nzuri kuliko zote, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na kitu kidogo cha kumsaidia kungoja: viazi vya kuoka, simbilisi wa kukaanga, mitungi ya chicha ambayo Mheshimiwa Carpio aliambiwa ni uji. Akaonja ili kuthibitisha, na akathibitisha mara nne. Wanamuziki walikuja na vyombo vyao. Kwa kuwa kupiga kumekatazwa, walivishika tu, vidole vikienda mbio kwenye filimbi zisizopulizwa, na mpiga ngoma akapiga hewa kwa nguvu mpaka jasho likamtoka. Watu wakasogea hatua mbili mbele na moja nyuma, hatua mbili mbele na moja nyuma.

"Kwa nini foleni inarudi nyuma?" aliuliza Mheshimiwa Carpio.

"Inawapisha wazee," alijibu Nicanor.

Doña Casilda alikuwa wa kwanza katika foleni na padre wa pili. Alipewa karatasi yake, akaenda nyuma ya pazia, akarudi, akatumbukiza. Badala ya kuondoka akasimama kando ya kiti cha mwenyekiti. Padre Ezequiel aliinama kana kwamba anatafuta jina lake kwenye daftari, akanong'ona maneno yote yanayotakiwa, wakanong'ona na wao. Nicanor alimshika mkono chini ya meza ya serikali. Mkono ulikuwa na unga.

Kisha mji ukapita. Kila aliyechukua karatasi yake alichota unga kwenye bakuli, akawapaka wawili wale kichwani. Mheshimiwa Carpio, ambaye ni mtu wa kuandika kila anachokiona, aliweka kwenye taarifa yake: "Mwenyekiti wa meza alipakwa unga na wapiga kura wote. Sababu: baridi." Wa mwisho alikuwa Wilfredo, ambaye hakuwa mpiga kura wa hapo. Alimpaka mama yake, akampaka Nicanor, akasimama bila kujua afanye nini na mikono.

"Sasa nina neno la kukujibu, mwanangu," alisema Doña Casilda. Wilfredo akamkumbatia, na Jumatatu saa sita mchana akaondoka na magunia matatu ya mikate na simbilisi wanane walio hai.

Kura zilipofunguliwa zilifuka unga kama kinu. Hapana mia mbili na kumi na moja, Ndiyo moja. Meya ana familia.

*

Mambo yangeishia hapo kama taarifa ya Mheshimiwa Carpio isingesomwa redioni kwa makosa, pamoja na Kifungu cha kumi na nne. Nchi nzima ilikuwa na wachumba waliokwama, ubatizo uliokwama, na vikongwe ambao walikuwa hawajafanyiwa karamu zao za miaka themanini. Watu wa mabondeni walikuwa wamejibu Ndiyo kwa ile kura ya kuthibitisha. Sasa wakadai walikosea, wakataka waulizwe upya. Rais akafurahi. Jumapili iliyofuata mji wa bandari peke yake ulikuwa na maharusi arobaini kwenye foleni, na waliojitokeza kupiga kura nchini walifika asilimia mia moja na nne, kwa kuwa wengine walizunguka mara ya pili kufuata chakula. Wote walisema Hapana, maana waligundua kwamba ukisema Hapana unapewa Jumapili nyingine.

Baada ya Jumapili nne za namna hiyo Baraza la Mawaziri lilikaa siku mbili. Likatoa tamko kwamba serikali inayosikia kilio cha wananchi imetambua jinsi walivyochoshwa na kura, na kuanzia sasa hawatasumbuliwa tena kwa swali lolote.

Jumapili ya kwanza isiyo na kura, Nicanor aliamka, akavaa koti lake, akachukua ufunguo wa shule. Mkewe alikuwa tayari mlangoni amebeba kapu. Walipofika uwanjani walikuta foleni imekwishaanza, ndefu, tulivu, kila mtu na chakula chake, mpaka kule kwenye kona ya soko.

Saa nne likaja gari la askari. Kapteni mmoja kijana akashuka na kipaza sauti.

"Leo hakuna kura," alitangaza. "Mnapanga foleni ya nini?"

Watu walitazamana. Ni kweli, hakuna aliyekuwa amelifikiria.

"Hatujajua bado, Kapteni," alisema Doña Casilda. "Tukifika mbele tutakwambia."

Kapteni alitembea pembeni ya foleni mpaka mbele kabisa ili ajionee mwenyewe, na huko akamkuta Doña Eufrasia ameketi kwenye kigoda chake, akitafuna kwa upande usio na lile jino bovu.

"Wewe kijana," alisema bibi, "hawa wote wamekukuta hapa? Rudi nyuma ukasimame kama wenzako."

Kapteni akazima kipaza sauti, akavua kofia yake, akaenda nyuma ya foleni akasimama, na askari wake kumi na wawili wakapanga mstari nyuma yake.